Je, wajua kwa nini mpini wa bastola ya mashindano unaparuza kama ganda la fenesi?

Mnamkumbuka yule mzee wa Kituruki wa Olimpiki ya Paris 2024? Yusuf Dikeç, miaka 51, tisheti na miwani ya kawaida tu, mkono mmoja mfukoni kama mtu anasubiri daladala, akachukua medali ya fedha ya kulenga shabaha kwa bastola na mwenzake Şevval İlayda Tarhan alafu mtandao mzima ukamgeuza stika ya WhatsApp. Watu walikuwa wanashangaa mkono wa mfukoni. Mimi nikawa nazumu ule mkono mwingine, ulioshika bastola.

Kwa sababu mipini ya bastola za mchezo ule haifanani kabisa na ile unayoiona kiunoni kwa askari. Mingi ni ya mbao, mara nyingi ya mjozi, minene, imevimba huku imebonyea kule, chini ina kijirafu ambacho ukingo wa kiganja unakalia, yani ukiiangalia imelala mezani peke yake unaona kama mtu kaminya udongo wa mfinyanzi akauacha ukauke. Na uso wake umedonolewa vinundu vidogo vidogo, mamia kwa mamia. Ukiupapasa ni ganda la fenesi changa lile.

Sasa swali langu likawa hili. Bastola ile ni ya upepo, haina baruti, inatema kirisasi cha milimita 4.5 kwa hewa iliyoshindiliwa, na teke lake la kurudi nyuma ni dogo sana. Uzito wake ni kama kilo moja hivi, mfuko wa sukari basi, na sheria hairuhusu kuvuka gramu 1500. Mtu hakimbii nayo, haanguki nayo, kasimama tu mahali pamoja mita 10 kutoka kwenye shabaha. Ukakasi wote ule wa nini?

Jibu la haraka ni kwamba isiteleze. Ni kweli lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndo tamu.

Tuanze na kuteleza kwanza. Mmeshaona mtu anayelima, kabla hajaanza mstari mpya anatemea mate viganjani, anavisugua, ndo anashika jembe. Sio mbwembwe ile. Ngozi ya kiganja ikiwa kavu kabisa ni ngumu, inagusa mpini kwa vijisehemu vichache tu, kwa hiyo inateleza. Ukiipa unyevu kidogo inalainika, inabonyea, inakumbatia mpini sehemu kubwa zaidi na mshiko unakaza. Lakini unyevu ukizidi mambo yanageuka, maji yanatengeneza utando kati ya ngozi na mpini na mkono unakuwa kama unaelea, sawasawa na gari lenye tairi kipara kwenye mvua. Na tairi zima linafanyaje? Lina mifereji, maji yanapata pa kwenda na mpira unabaki umegusa lami. Vinundu vya mpini kazi yake ndo hiyo hiyo, jasho linaingia kwenye mabonde na vilele vinabaki vimejichimbia kwenye ngozi.

Na hapo kuna balaa moja, jasho la kiganja halifuati sana joto, linafuata roho. Unakumbuka siku ya intavyuu, umekaa kwenye korido yenye AC mpaka unatetemeka lakini mkono wa kumpa bosi umelowa chapachapa? Tezi za jasho za viganjani zinaamka kwa wasiwasi, kwa hiyo mchezaji anaweza kufanya mazoezi miezi sita mkono mkavu, siku ya fainali ikafika, risasi mbili zimebaki, kiganja kinafunguka kama bomba. Mpini laini ungemsaliti siku hiyo hiyo moja.

Utasema basi si akaze tu mkono. Hapa ndo nusu ya pili.

Hebu fanya hivi sa hivi. Nyoosha mkono kama umeshika kitu, kidole cha shahada kiache wazi kimelegea, alafu vidole vitatu vya chini vikaze ngumi kwa nguvu, kwa nguvu kweli. Umeona kidole cha shahada? Hakikutulia, kimevutwa kuingia ndani kidogo, na ukiendelea kukaza mkono mzima unaanza kutetemeka. Vidole vyetu vinashirikiana misuli na mishipa, huwezi kuviamrisha kimoja kimoja kama vitufe vya piano. Sasa kidole hicho hicho cha shahada ndicho kinatakiwa kivute triga polepole bila kusukuma bastola kushoto wala kulia, na kwenye bastola ya upepo triga inatakiwa ihitaji mvuto wa gramu 500 kwenda juu ndo ifyatue. Ukikaza mkono kwa hofu ya kuteleza, unakivuruga kidole kinachofanya kazi.

Kwa hiyo mpini unaparuza ili mtu ashike KWA ULAINI. Mimi hili lilinichukua muda kulielewa maana nilikuwa nafikiri kinyume chake, kwamba ukakasi ni wa watu wanaominya kama wanakamua nazi. Kumbe vinundu vinashika kwa niaba yako, mkono unapumzika.

Na kutulia kwenyewe ni kwa kiasi gani? Tupige hesabu kidogo msinikimbie. Duara la kumi pale mita 10 lina upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati. Kirisasi kikigusa tu mstari wake unapewa kumi, kwa hiyo katikati ya kirisasi pana ruhusa ya kukosea milimita 8 kutoka katikati ya shabaha. Chukua bastola ambayo kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana sentimita 35. Vilengeo vikipishana milimita 0.28, unene wa karatasi tatu za kuchapishia, umefika ukingoni mwa kumi. Vikipishana milimita 1 kamili kirisasi kinahama karibu milimita 29 na unajikuta kwenye saba. Mechi ya mchujo ni risasi 60 kwa saa moja na robo, na katikati ya risasi mchezaji anashusha bastola, anapumzisha mkono, anashika tena. Yani mara 60 kiganja kinatakiwa kirudi palepale, sio karibu na pale. Mpini laini unakudanganya, unahisi sawa popote. Mpini wenye vinundu na mabonde unausoma kwa ngozi, ukikaa vibaya hata kidogo unajua kabla hujainua mkono.

Ndo maana pia mipini hii inauzwa kwa saizi kama viatu, na ya kulia sio ya kushoto. Kuna mafundi wamejenga jina kwa mipini tu, Rink na Nill wa Ujerumani, Morini wa Uswisi ambao wanatengeneza na bastola zenyewe. Na wachezaji hata wakinunua hawaridhiki, wanapaka uji wa mbao wa kuzibia mashimo hapa, wanapiga msasa pale, mpaka mpini uwe wao peke yao, ukiazimwa unahisi umevaa kiatu cha mtu. Kwenye habari za mikono siwezi kuacha kumtaja Károly Takács wa Hungary, askari aliyeharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, ndo mkono aliokuwa anapigia shabaha, akajifunza upya kwa kushoto kimya kimya, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948 na nyingine Helsinki 1952. Kila nikisikia mtu analalamika mpini haumkai vizuri namkumbuka huyo jamaa.

Hiyo ni bastola ya kusimama. Kuna ukoo mwingine kabisa wa mashindano, ule wa kukimbia na saa, unaosimamiwa na IPSC, shirikisho lililozaliwa Columbia, Missouri huko Marekani mwaka 1976. Humo ni bastola za baruti, mikono miwili, unachomoa kiunoni, unapiga huku unahama, na kituo kimoja kirefu, yani raundi moja ya shabaha zilizopangwa, kinaweza kufika risasi 32, zote zinahesabiwa pamoja na muda. Hapa teke lipo na linaonekana. Mtutu uko juu ya mkono, kwa hiyo kila risasi inausukuma nyuma na mdomo wake unapanda juu, mpini unajizungusha kiganjani kidogo tu, lakini kidogo hicho kikijumlishwa mara kumi mkono unakuwa umehama, mtu anashika upya katikati ya mbio na sehemu ya sekunde imeenda. Kwa wale wenzetu sehemu ya sekunde ndo tofauti ya wa kwanza na wa tano.

Na anayeteseka zaidi sio mkono wa triga, ni ule wa kusaidia. Wa triga umezunguka mpini mzima. Wa kusaidia umebakiziwa kipande kidogo tu cha ubavu, upana kama wa kiberiti, na kwingine unashika vidole vya mwenzake. Ndo maana mtu anayejua akiongeza ukakasi anaanzia ubavuni pale na mbele ya mpini, nyuma anapaacha na ulaini kiasi.

Sasa unaongezwaje? Inategemea mpini ni wa kitu gani. Wa chuma au alumini unachongwa kwa tupa maalumu, mistari inakatana na mistari hadi zinabaki piramidi ndogo ndogo, na mafundi wanazipima kwa idadi ya mistari kwenye inchi moja. Mistari 20 ni mikali, piramidi zimeachana kama milimita 1.3. Mistari 30 ni myepesi zaidi, kama milimita 0.85. Tupa ikiteleza mara moja umeharibu, hii muachie fundi. Mbao inadonolewa kwa ncha ya chuma na nyundo ndogo, au kwa mashine ya kuzunguka.

Plastiki ndo inayowatia watu vishawishi, kwa sababu inafanywa na ile chuma ya fundi redio ya kuchomelea waya. Nimewahi kukaa na mtu akifanya, ni kazi ya subira kweli. Kwanza bastola haina risasi, imekaguliwa mara mbili, kaifungua kabaki na ganda la mpini peke yake. Kazungushia tepu eneo lote analotaka, kona zimeviringwa. Chuma ikipata moto anagusa nukta moja, anahesabu moja, anainua, plastiki inavimba pembeni mwa shimo kama mdomo wa kichuguu, anahamia ya pili inayopakana nayo. Dirisha wazi, moshi wake sio wa kuvuta. Saa nzima kamaliza ubavu mmoja! Na alikuwa kaanza kujaribu kwenye kifuniko cha ndoo, akakuta kinayeyuka kama mshumaa, maana plastiki ya bastola nyingi ina nailoni na haifanani na ya ndoo, ikabidi atafute kipande kinachofanana. Hapa hakuna kurudi nyuma, ukichoma umechoma, na kampuni nyingine ukishagusa hivyo garantii imekwisha.

Asiyetaka kuchoma anabandika tepu yenye msasa kama ile ya juu ya skeitibodi, inachakaa lakini unabandua unaweka nyingine. Au anapaka gundi ya kuchanganya mbili alafu anamwagia unga wa silikoni kabaidi, ndo ule ule mweusi ulioko kwenye msasa wa maji.

Na tepu hizo zina tabia ya kulevya, mtu akionja anataka kali zaidi. Kuna mipini inashika mpaka inakera. Ukichomoa bastola kiunoni mkono ukatua vibaya, mpini laini ungekuruhusu uteleze kidogo ujiweke sawa, huu unakuganda hapo hapo na kosa lako mpaka mwisho wa kituo. Mazoezi ya risasi mia tatu kwa siku yanatoa malengelenge, hasa kidole cha kati pale kinaposugua chini ya kinga ya triga, na mtu mwenye kidonda ataanza kushika kwa kukwepa kidonda, kwa hiyo kila kitu nilichosema juu kuhusu kurudi palepale kinakufa. Kwa maoni yangu kama mpini unakuachia alama nyekundu zinazofutika baada ya dakika chache ni sawa, ukikutoa damu umepitiliza. Na kabla ya yote soma sheria za daraja unaloshindania, kuna madaraja yanaruhusu hiki na kukataza kile.

Wanaoanza wengi huko nje wana ujanja wa bei ya chini kuliko yote na sisi tunaujua siku nyingi kwenye mapanga, tyubu ya baiskeli. Wanakata kipande cha urefu wa vidole vitatu, wanakivuta kwenye mpini kama soksi, wanahakikisha hakizibi kitufe cha kutolea magazini, lile kasha la risasi, na hakijashuka kuziba linapoingilia, wanapiga nacho wiki mbili wakiangalia ngozi imechakaa wapi. Palipochakaa ndo wanapeleka kwa fundi.