Swali la mwandishi linapofika halmashauri

Katika kazi yangu ya afisa habari wa halmashauri ya wilaya nchini Tanzania, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na waandishi wa habari linahusu boma la zahanati. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, wakapandisha kuta hadi kwenye linta, kisha ujenzi ukasimama na majani yakaota ndani. Mwandishi wa redio jamii hupiga simu saa nne asubuhi akitaka kujua ni lini litaezekwa, na taarifa yake inasomwa saa moja jioni.

Jibu la swali hilo haliko mezani kwangu. Mhandisi ndiye anayejua gharama ya kumalizia, afisa mipango ndiye anayejua kama boma limo katika bajeti ya mwaka wa fedha ulioanza Julai, na mweka hazina ndiye anayejua kiasi kilichokwisha kupokelewa. Baada ya kuwapitia wote watatu, ninamwandikia mkurugenzi mtendaji, ambaye ndiye msemaji wa halmashauri, ili aidhinishe.

Mwanzoni sikufanya hivyo. Nilimjibu mwandishi kwamba mradi ungekamilika hivi karibuni, naye akayasoma maneno yangu kama yalivyo. Miezi minane baadaye, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mzee mmoja alisimama akaniuliza: "Mwanangu, hiyo hivi karibuni yenu ina miezi mingapi?" Mkutano mzima ulinyamaza ukinisubiri, nami sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo, kama fedha hazijatengwa ninasema hazijatengwa, na ninataja kikao ambacho ombi litapelekwa. Wananchi wanaweza kuvumilia jibu baya lenye tarehe. Jibu tamu lisilo na tarehe huwavunja moyo wa kuchangia boma linalofuata, na hasara hiyo haionekani katika hesabu zozote za halmashauri.

Ugumu mwingine ni maswali yanayoelekezwa kwetu kwa mazoea. Barabara za vijijini na mijini zilihamishiwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, mwaka 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tangu mwaka 2019, lakini daraja likisombwa, diwani na halmashauri ndio wanaotajwa kwanza. Ni rahisi kujibu kwamba jambo hilo si letu. Mimi naona jibu hilo ni kumtupia mwananchi mpira, kwa sababu mvua inayomzuia kufika kliniki haimuulizi daraja ni la taasisi gani. Kwa hiyo ninampa mwandishi jina la ofisi inayohusika, ninampigia meneja wake kumjulisha kuwa swali linakuja, na ninaeleza kile ambacho halmashauri yenyewe imefanya, kwa mfano kuhamishia chanjo upande wa pili wa mto.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka kila taasisi ya umma kuteua afisa wa taarifa, na inampa muda usiozidi siku 30 kujibu ombi la maandishi. Nimewasikia wenzangu wakimwambia mwandishi aandike barua kisha asubiri siku hizo zote, ilhali takwimu anazotaka zimo katika taarifa ya robo mwaka iliyokwisha kujadiliwa na baraza la madiwani hadharani. Muda huo ni ukomo wa kuchelewa, na haukuwekwa ili tuutumie kama ngao. Habari za mgonjwa ni jambo jingine: hizo sizitoi, hata jina likiwa limekwisha kuenea mtaani.

Jibu likishasomwa redioni, ninalichapisha na kumpelekea mtendaji wa kijiji alibandike kwenye ubao wa matangazo, likiwa na tarehe na cheo cha aliyelitoa. Mkutano mkuu unaofuata, wanakijiji huja wamekwisha kulisoma, na huanzia pale tulipoishia.