Kichaka cha Australia bustanini Arusha: anza kwa kuuliza mvua yake

Wiki iliyopita mama mmoja wa Njiro alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu, maji ya bomba tunayapata kwa mgao. Nitafutie vile vichaka vya maua vya Australia, nasikia havitaki maji."

Nikamjibu vipo, ila nilitaka kwanza kujua bustani yake inapata mbolea gani. "Samadi ya kuku," akasema, "tena siibanii." Siku ileile nikaenda kwake.

Nimeotesha miche hapa Arusha miaka mingi, na swali la kichaka kinachovumilia ukame naulizwa kila kiangazi. Tatizo ni kwamba watu huichukulia Australia kama jangwa moja. Kusini-magharibi, upande wa Perth, mvua hunyesha wakati wa baridi, kisha kiangazi chote ni jua kali. Pwani ya mashariki, kwenye Queensland na kaskazini mwa New South Wales, mvua nyingi huja wakati wa joto. Sasa tazama kwetu. Masika huanza Machi ardhi ikiwa ya moto, na vuli huikuta hivyohivyo. Kichaka cha Perth kikinyeshewa namna hiyo kwenye udongo unaotuamisha maji, mizizi huoza kwa ukungu wa udongoni. Majani yananyauka, mwenye bustani anadhani ni kiu, anaongeza maji, na hapo ndipo anakimalizia. Kwa hiyo mimi huchagua vya mashariki, na vya Perth navikwepa hata kama picha zake zinavutia.

Nilipofika Njiro nilikuta mama tayari ana kichaka kimoja cha Australia kiitwacho grevilea, cha maua mekundu, ile aina ya Queensland ambayo ukigeuza jani chini unakuta rangi ya fedha, laini kama hariri. Mmea ulikuwa sahihi kabisa. Lakini ncha za majani ya zamani zilikuwa za kahawia na kavu, kama zimepitiwa na pasi, na majani machanga yamekuwa ya njano. Shinani palizungushwa samadi nene kiasi cha kiganja.

Udongo wa Australia ni mkongwe sana. Umeoshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka hadi fosforasi, chakula muhimu cha mimea, imebaki kidogo mno. Mimea ya ukoo wa grevilea ikazoea kuishi hivyo kwa kuotesha vishada vya vijizizi vifupi, vimesongamana kama nywele za brashi, karibu na uso wa ardhi. Vijizizi hivyo hutoa asidi inayobandua fosforasi iliyong'ang'ania kwenye udongo. Ni kazi ya ajabu, na kila nikifukua taratibu nikaviona huwa nafurahi. Ila mmea uliozoea njaa haujui kukataa chakula. Ukiupa samadi ya kuku au mbolea ya dukani ya DAP, utafyonza fosforasi mpaka igeuke sumu ndani yake. Tuliondoa samadi yote kwa mikono, tukatandaza majani makavu, na nikamwomba mama asiongeze kitu chochote pale. (Ukipogoa grevilea vaa glavu, maana baadhi ya watu huwashwa ngozi.)

Kama huwezi kuacha samadi, panda botobrashi. Ni kile kichaka cha maua mekundu yaliyokaa kama brashi ya kusafishia chupa. Kiko ukoo mmoja na mpera na mkaratusi, na hakichagui mbolea kama grevilea. Kwao huota kandokando ya mito, kwa hiyo mafuriko ya siku chache ya masika hayakitishi, na kikishashika mizizi kinavuka kiangazi. Tazama ua lake likinyauka: tawi halikomi pale, linaendelea kuchipua mbele ya ua, na nyuma vinabaki vitumba vigumu vya mbegu vimebana kwenye kijiti kwa miaka. Kata nyuma tu ya ua lililokwisha, kabla vitumba havijakomaa, nacho kitajaza matawi. Asubuhi ndege chozi hawaachi kukizunguka. Kwa wenye visima upande wa Maji ya Chai, ambako maji mengi yana floridi na magadi, majani yanaweza kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ni chuma kimekosekana, si mbolea. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati uyatumie hayo.

Ukienda kitaluni usikimbilie mche mrefu wenye maua tayari. Bonyeza kiriba chini. Kama mizizi imejizungusha imekuwa kama kamba, mche huo hautashuka chini kamwe, na kichaka kisichoshuka chini hakivumilii ukame wowote. Chukua kifupi. Kichaka kipandwe Machi mvua zinapoanza, na kwenye mfinyanzi kiweke juu ya tuta. Mwaka wa kwanza bado kinataka maji: dumu moja la lita 20 kwa wiki, lote kwa mara moja, taratibu. Kikombe kila jioni hufundisha mizizi kubaki juu.

Wa Moshi joto lenu ni kubwa kuliko letu, kwa hiyo kwenu dumu hilo lisikosekane hadi vuli. Na walio jirani na msitu wa Kilimanjaro, hakea, kichaka kingine cha Australia cha ukoo wa grevilea, msilete. Huko Afrika Kusini ilitoroka ilikopandwa ikavamia milima.

Kwa anayetamani lazima grevilea za Perth, ipo njia, nayo iko kwenye kila kihamba cha kahawa. Ule mgrevilea mrefu wa kivuli, tunaoupasua mbao, nao asili yake ni mashariki mwa Australia, na Waaustralia wenyewe huutumia kama shina la kubebeshea ndugu zake dhaifu, kama tunavyobebesha parachichi. Nimeotesha mashina yangu ya kubebeshea, sasa yana unene wa penseli. Mama wa Njiro ameshaomba la kwanza.