Masikio na Meno ya Mpiga Mbizi: Mita Kumi za Kwanza Ndizo Zenye Kazi

Anayejiandaa kuzamia kwa mtungi wa hewa kisiwani Mnemba au Mafia kwa kawaida huogopa kina kirefu. Sikio lakini huumia mapema, karibu na juu. Kadiri unavyoshuka, maji huibana hewa iliyomo mwilini: kwenye mita 10 inabaki nusu ya ujazo wake, mita 20 theluthi, mita 30 robo. Badiliko kubwa kuliko yote limeshapita kabla hujaona hata matumbawe vizuri.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa, kilichounganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Mrija huo kwa kawaida hukaa umefumba. Ufungue kwa kumeza mate, au kwa kubana pua na kupuliza taratibu bila kuiachia hewa itoke. Anza ukiwa bado juu ya maji, kisha rudia kila nusu mita, kabla ya maumivu. Ukingoja sikio liume, mrija umeshabanwa na kupuliza hakufui dafu: panda kidogo mpaka maumivu yaishe, ujaribu tena. Kupuliza kwa nguvu ndiko tunakokuogopa zaidi sisi madaktari, maana kunaweza kuchana utando wa sikio la ndani, na usikivu ukipotea huko huenda usirudi.

Shuka miguu ikitangulia, umeshika kamba ya nanga. Sikio likigoma kufunguka, lionyeshe kwa kidole na uchezeshe kiganja huku na huku, mwenzako atakusubiri.

Pamba na vizibo vya masikio acha nyumbani. Ukiwa na mafua, usizamie. Wapo wanaomeza dawa ya kuzibua pua ili wasipoteze pesa ya safari. Dawa ikiisha nguvu wakiwa chini, hewa hukwama wakati wa kupanda, na kupanda hakuahirishwi.

Nao wavuvi wanaozamia pweza bila mtungi wana masikio yaleyale. Zaidi ya hapo, miwani ya kuogelea isiyofunika pua hubana macho, kwa kuwa huwezi kuiongezea hewa.

Jino lililooza, au lililozibwa likaachwa na upenyo ndani, huhifadhi hewa. Hewa hiyo ikitanuka unapopanda, jino huuma na hata kupasuka. Mwambie daktari wa meno kwamba unazamia, hasa kama tiba ya mzizi wa jino haijakamilika au jino limevikwa kofia ya muda. Yakiuma magego kadhaa ya juu kwa pamoja, tatizo huenda ni vyumba vya hewa vya usoni, si meno.

Ukitoka majini na kizunguzungu kisichoisha, mlio sikioni, damu au usikivu uliopungua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie dawa yoyote ya matone kabla sikio halijaangaliwa, kwani ngoma ikiwa imetoboka baadhi ya dawa hizo hudhuru.