Shilingi ya kidijitali si M-Pesa yenye jina jipya

Pale Deep Sea, Tanga, wachuuzi wa samaki wanalipana kwa simu, na utasikia: "Sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu ya nini? M-Pesa tunayo." Hivi ni vitu viwili. Salio la simu ni ahadi ya kampuni, na fedha yenyewe imehifadhiwa katika benki za biashara. Sarafu ya Benki Kuu ni deni la Benki Kuu yenyewe, kama noti iliyo mfukoni.

Lakini tofauti hiyo peke yake haimvuti mtu. Nigeria ilizindua eNaira, sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu yake, Oktoba 2021, wakaitumia wachache. Kwangu mimi, sharti la kwanza ni hili: shilingi ya kidijitali ifanye kazi kwenye simu ya kitochi, hata mtandao ukikatika. Na kiasi ambacho mtu anaweza kuhifadhi humo kiwekewe kikomo, amana zisikimbie benki zinazotukopesha.