Bamba la Chuma Kwenye Fuvu: Mnachokiogopa na Mnachopaswa Kukiangalia

Ndugu wakishaambiwa kwamba mgonjwa wao atawekewa chuma kichwani, maswali ya kliniki huwa yaleyale. Hakitashika kutu? Radi ikipiga je? Akiweka simu sikioni? Karibu hakuna anayeuliza habari za ngozi, na ngozi ndiyo inayotunyima usingizi sisi tunaofanya upasuaji huu.

Kwanza, kwa nini fuvu libaki na tundu? Mtu akiumia kichwa, na hapa kwetu mara nyingi ni ajali ya bodaboda, ubongo huvimba au damu huvujia ndani. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kwa hiyo shinikizo hupanda na ubongo hubanwa. Dawa zikishindwa, daktari anaweza kuondoa kipande cha fuvu, wakati mwingine kikubwa kuliko kiganja, kisha akashona ngozi bila kurudisha mfupa ili ubongo upate nafasi ya kuvimba. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hatua hiyo hupunguza vifo, ingawa baadhi ya walionusurika walibaki na ulemavu mkubwa. Ni vizuri familia ielezwe yote mawili kabla ya kutia saini.

Mfupa ulioondolewa ukiwa mzima na safi hautupwi. Penye friza maalumu hutunzwa kwenye nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri. Pasipo na friza hiyo, au pale umeme unapokatikakatika, madaktari huuhifadhi chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana mtamkuta ana kidonda kichwani na kingine tumboni, na wodini minong'ono imeshaanza kwamba kaibiwa figo. Hajaibiwa kitu. Mkigusa taratibu mtahisi kitu kigumu kilichopinda: ni fuvu lake, linasubiri siku ya kurudishwa.

Mfupa wa mwenyewe ndio chaguo la kwanza la madaktari wengi. Chuma huingia pale ambapo mfupa umesagika vipande vipande, umeoza kwa usaha, umeliwa na uvimbe, au ulirudishwa ukaanza kuyeyuka. Huko kuyeyuka huwapata sana watoto.

Watu wamejaribu mengi kabla ya kufika hapa tulipo. Daktari mmoja wa Uholanzi, Job van Meekeren, aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1668 habari ya mtu wa Urusi aliyezibwa tundu la fuvu kwa mfupa wa mbwa. Baadaye yakaja mabamba ya alumini na ya fedha, yote yakileta matatizo yake. Katika Vita Kuu ya Pili majeruhi wengi waliwekewa tantalamu, chuma kizuri lakini ghali, na wapo waliolalamika kuumwa kichwa jua likikipasha moto. Tangu miaka ya 1960 titaniamu ndiyo iliyoshika nafasi.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Titaniamu ikikutana na hewa hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo huizuia isiliwe na majimaji ya mwili. Kwa hiyo haishiki kutu, na mwili huipokea bila vurugu. Uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya ule wa chuma cha pua. Haivutwi na sumaku, hivyo kwa kawaida mgonjwa anaweza kupimwa MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku yenye nguvu, baada ya mtaalamu kuthibitisha aina ya kifaa, japo picha ya eneo linalozunguka bamba inaweza kuwa na ukungu. Radi haivutwi na bamba lililofunikwa na ngozi. Simu haina shida. Kwenye uwanja wa ndege mashine inaweza kulia au isilie. Beba barua ya hospitali uondokane na maelezo marefu.

Si kila chuma kichwani ni bamba kubwa. Fuvu likivunjika na vipande vikawa vizima, tunaviunga kwa vibamba vidogo na skrubu za milimita chache, basi. Tundu kubwa ndilo linalotaka wavu wa titaniamu, ambao ukiutazama mkononi unafanana na wavu wa mbu wa dirishani, ila ni mgumu zaidi. Daktari huukata kwa mkasi maalumu humo humo chumba cha upasuaji, akaukunja kufuata mviringo wa kichwa, akaujaribisha, akautoa, akaukunja tena. Kazi inayochukua muda ni ya kingo. Ncha moja iliyosimama juu inaweza kuja kutoboa ngozi miezi mingi baadaye. Mabamba yanayotengenezwa kwa kompyuta kutokana na picha za CT hukaa vizuri zaidi, lakini bei yake wengi hawaiwezi. Ipo pia saruji ya akriliki, ya bei nafuu, inayofinyangwa ikiwa laini. Hupata moto sana inapokauka, kwa hiyo humwagiwa maji muda wote ili isiuunguze ubongo.

Kuziba tundu si urembo tu. Mgonjwa aliyekaa miezi bila mfupa utaona upande mmoja umebonyea akisimama na kujaa akilala. Baadhi yao huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, uchovu, au mkono uliokuwa umepata nguvu kulegea tena. Hali hii ilielezwa na madaktari tangu mwaka 1939, na wapo wanaopata nafuu ya wazi baada ya kuzibwa. Lakini bamba halirudishi kumbukumbu iliyoharibiwa na ajali, wala haliponyi kifafa. Asiyeambiwa na daktari wake aache dawa za kifafa, asiziache.

Muda wa kurudi huwa ni wiki au miezi kadhaa baada ya upasuaji wa kwanza, na kama kulikuwa na usaha husogezwa mbele zaidi. Tatizo tunaloliona ni mgonjwa kupotea: anatembea, anakula, familia inaona kazi imekwisha. Kipindi hicho ubongo wake unalindwa na ngozi na utando tu. Asipande pikipiki.

Sasa ngozi. Bamba halina damu, kwa hiyo vijidudu vikilifikia, dawa za kumeza au sindano peke yake mara nyingi hazitoshi na tunalazimika kulitoa. Kovu lisipakwe mafuta ya mitishamba, asali wala majivu. Mwambieni kinyozi asipitishe wembe juu yake. Misuko ya kubana isubiri, na ndoo ya maji isibebwe kichwani. Jua la mchana liepukwe kwa kofia laini, kwa sababu ngozi ya juu ya kovu mara nyingi haihisi vizuri na inaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Uwekundu, uvimbe, majimaji, harufu, homa, au sehemu iliyokuwa nene kuanza kung'aa na kuwa nyembamba: rudi hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Mkiona chuma chenyewe, funikeni kwa kitambaa safi mje.

Kuhusu fedha, msiulize bima kama inalipia upasuaji tu. Ulizeni pia kama inalipia kifaa, maana hayo ni mambo mawili. Asiye na uwezo aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Na mwombeni muuguzi jambo moja dogo. Pakiti ya bamba kwa kawaida huja na stika yenye jina na namba za kifaa. Ibandikwe kwenye kadi ya kliniki, kisha kadi ipigwe picha kwa simu, ili mtaalamu wa MRI wa hospitali nyingine akiuliza ni chuma gani kimo humo, asitegemee kumbukumbu ya shangazi.