Jengo Endelevu: Kwa Nini Usanifu Wake Ni Mgumu

Jengo endelevu ni lile linalosanifiwa ili lidhuru mazingira kwa kiwango kidogo kadiri inavyowezekana, tangu malighafi zinapochimbwa hadi siku litakapobomolewa. Ugumu wake ni kwamba kila uamuzi wa msanifu unavuruga uamuzi mwingine.

Tulitazame dirisha la nyumba ya Dar es Salaam. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupiga zaidi paa, ilhali lile la saa mbili asubuhi na saa kumi jioni huja likiwa chini na kupenya moja kwa moja kwenye kuta za mashariki na magharibi, ambako upenu hausaidii sana. Ndiyo maana pande ndefu hushauriwa zitazame kaskazini na kusini, na madirisha yawe mapana na yanayotazamana ili pepo za kusi na kaskazi zipite ndani, kwa kuwa katika unyevunyevu wa pwani upepo unaogusa mwili ndio unaoleta nafuu. Lakini kiwanja cha Sinza, mtaa wa jiji hilo, kimekwishapimwa kufuata barabara, jirani amejenga karibu na mpaka, na dirisha pana huingiza pia vumbi, kelele na mbu. Ukiweka wavu, upepo unapungua, na upepo ukipungua mwenye nyumba hununua kiyoyozi.

Vifaa navyo vina mvutano wake. Mawe ya chokaa yanapochomwa kutengeneza saruji hutoa hewa ukaa yenyewe, mbali na ile ya mafuta yanayoyachoma. Matofali ya kuchoma hula kuni. Matofali ya udongo na saruji yanayofungamana hayachomwi, ila yanataka udongo unaofaa na fundi aliyeyazoea. Na Kigamboni, karibu na bahari, kupunguza saruji kwenye zege ni hatari, kwani chumvi hufikia nondo mapema na kuzitia kutu, na jengo linalovunjwa kabla ya wakati limepoteza kila kilichotumika kulijenga.

Kwa hiyo sikubali kwamba ghorofa la vioo pale Posta, katikati ya jiji, huwa endelevu kwa kuwekewa paneli za sola: paa lake ni dogo mno kulisha viyoyozi vya sakafu zote zilizo chini yake. Mhandisi wa viyoyozi na mkadiriaji majenzi, yaani mpiga hesabu za gharama za ujenzi, wanapaswa kuketi na msanifu tangu mchoro wa kwanza, dirisha likiwa bado linahamishika.