Je, wajua? Sindano mpya haisafishi bomba la zamani

Ukishamchoma mgonjwa dawa, ukachomoa sindano na kuvalisha mpya kwenye bomba lilelile, je, bomba hilo linamfaa mgonjwa wa pili? Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi ningejibu "ndiyo" bila kupepesa macho. Kinachoingia mwilini ni sindano. Bomba linabaki nje. Sikuona kasoro yoyote.

Lugha yetu nayo inachangia. "Sindano" ni kile chuma chembamba, ni chuma pamoja na bomba lake, na ni dawa yenyewe pia: "nimechomwa sindano tatu." Kwa hiyo mtu anaweza kutii nusu ya agizo la "kila mgonjwa sindano yake" na akalala usingizi mnono. Wengine hujitetea kwamba walisukuma tu, hawakuvuta, basi hakuna kilichorudi. Wengine hulitazama bomba, wasione wekundu, wakaridhika. Jicho halioni virusi, na damu inayotosha kuambukiza homa ya ini B ni ndogo mno kuonekana.

Sukuma dawa hadi pistoni igote, kisha inua bomba kwenye mwanga: shingoni bado kuna tone. Tone hilo limeungana na kilichomo ndani ya tundu la sindano. Sasa chomoa sindano. Kile kiplastiki cha rangi kilicho kwenye kitako cha sindano kimeibana ncha ya bomba kisawasawa, hivyo unapokivuta, nafasi iliyo katikati hupanuka kabla hewa ya nje haijaingia. Umewahi kuchomoa mguu kwenye tope la shamba la mpunga? Kisigino kikiinuka, maji na tope hukimbilia kilipokuwa, kwa mlio wa kufyonza. Hapa hakuna mlio, lakini ufyonzaji ni uleule: majimaji ya kwenye sindano, pamoja na damu kama ipo, hurudi kuelekea bombani. Pistoni hujaigusa kabisa.

Mwaka 2008, huko Las Vegas, Marekani, watu wapatao 40,000 waliandikiwa barua wakapime homa ya ini na VVU. Katika kliniki moja, wahudumu walikuwa wakibadilisha sindano, kisha wanarudi na bomba lilelile kwenye kichupa kumwongezea dawa ya usingizi mgonjwa yuleyule. Yuleyule! Ila bomba lilichafua kichupa, na kilichobaki kichupani akapewa mwingine.

Si kila bomba lililorudiwa huambukiza, na uwezekano wake kwa mchomo mmoja ni mgumu kuuwekea tarakimu. Takwimu zilizozoeleka (VVU takriban 0.3%, homa ya ini B hadi 30% kwa asiyechanjwa) ni za mhudumu aliyejichoma kwa bahati mbaya, jambo tofauti kidogo. Hata hivyo, mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikuta virusi vya homa ya ini C vikiwa hai ndani ya mabomba hadi siku 63, na vilidumu zaidi katika yale ambayo sindano yake huchomoka, kwa kuwa shingo yake huhifadhi majimaji mengi.

Kalamu ya insulini, ile ya kuchomea dawa ya kisukari, nayo imo. Sindano yake hubadilishwa kila mara, lakini chembe za damu zimewahi kukutwa ndani ya kichupa chake cha dawa, ndiyo maana wodini kila kalamu hubandikwa jina la mgonjwa mmoja.